Inchi Mbili Mbele ya Magoti: Kwa Nini Viti vya Ndege Vimebanana, na Mzee Mrefu Asafiri Vipi

Msomaji wa Morogoro ameandika hivi: "Baba yangu ana miaka 71 na urefu wa futi sita na inchi mbili. Mwaka jana alisafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Toronto kumwona kaka yangu, daraja la kawaida. Magoti yake yaligusa kiti cha mbele njia nzima, akafika miguu imevimba na viatu vimekataa kuingia. Mwaka huu anataka kwenda tena. Naomba kufahamu kwa nini mashirika ya ndege yanazidi kutubana ilhali tunalipa mamilioni, kama kuna sheria yoyote inayowazuia, na nifanye nini ili mzee asiteseke kama mara ile."

Jibu

Mfikishie mzee shikamoo yangu. Nitaanza na miguu yake kabla ya viti, kwa sababu jambo hilo halifai kusubiri. Miguu kuvimba baada ya kukaa saa nyingi huwapata wasafiri wengi, na mara nyingi huisha yenyewe baada ya siku moja au mbili. Hata hivyo, kukaa bila kujongea kunaweza pia kusababisha damu kuganda katika mishipa iliyo ndani ya mguu, na bonge la damu hiyo likibanduka na kufika kwenye mapafu linaweza kuua. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili kwa mtu aliyesafiri kwa saa 4 au zaidi akiwa ameketi, awe ndani ya ndege, treni, basi au gari dogo, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, kiasi cha mtu mmoja kati ya 6,000. Utafiti huohuo ulitaja watu ambao hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine, na miongoni mwao wamo wenye urefu unaozidi mita 1.90. Baba yako ana takriban mita 1.88, amekikaribia sana kipimo hicho, na umri wake nao unahesabika. Kwa hiyo mpeleke kwa daktari kabla ya kununua tiketi, mweleze daktari yaliyotokea mwaka jana, na umuulize kuhusu soksi za kubana zinazoishia chini ya goti. Msimpe dawa yoyote ya kuyeyusha damu kwa kushauriwa na jirani.

Sasa tuje kwenye viti. Kipimo ambacho mashirika ya ndege hukitangaza si nafasi ya miguu, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni umbali kutoka sehemu fulani ya kiti, tuseme nyuma ya egemeo, hadi sehemu ileile ya kiti cha safu inayofuata. Ndani ya umbali huo umo unene wa egemeo lenyewe, umo mfuko wa majarida, na zimo nyama za mapaja ya abiria. Ndiyo maana ndege mbili zilizoandikwa inchi 31, yaani sentimita 79, zinaweza kuyapa magoti ya mtu mmoja nafasi tofauti kabisa. Watengenezaji wa viti walilitambua hilo, wakapunguza unene wa sponji na kuhamisha mfuko wa majarida kutoka usawa wa magoti hadi juu ya meza ya chakula. Lilikuwa wazo zuri, na lingetumika kumpa abiria nafasi iliyookolewa, miguu ya baba yako ingefika salama. Mashirika mengi yaliichukua nafasi hiyo, au sehemu yake kubwa, na kuongeza safu nyingine ya viti. Leo, katika safari ndefu za kuvuka bahari, daraja la kawaida huwa na inchi 31 au 32 hivi, na baadhi ya mashirika ya nauli nafuu ya Marekani na Ulaya yameshuka hadi inchi 28, sentimita 71, kwa kiti ambacho egemeo lake halilali kabisa.

Ili uone kwa nini inchi mbili zinagombaniwa hivyo, chukua karatasi tufanye hesabu pamoja. Tuchukue ndege ya njia moja ya katikati yenye viti 6 kila safu, ambayo sakafu yake ina urefu wa inchi 960 zinazoweza kuwekwa viti. Ukipanga safu kwa inchi 32, unapata safu 30 na viti 180. Ukipunguza inchi 2 tu kila safu, unapata safu 32 na viti 192. Umepata viti 12 bila kununua ndege nyingine. Marubani ni walewale wawili. Wahudumu wa ndani, ambao kwa kanuni za Marekani na nchi nyingine nyingi huhesabiwa mmoja kwa kila viti 50, walitakiwa kuwa 4 mwanzoni na wanabaki 4. Ada ya kutua haibadiliki, na mafuta yanaongezeka kidogo tu. Tuseme safari hiyo inaligharimu shirika dola 13,500. Gharama ya kila kiti ilikuwa dola 75. Sasa imekuwa dola 70 na senti kadhaa. Tofauti ni kama dola 4.70, na msomaji anaweza kusema kwamba hizo ni pesa ndogo. Lakini IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kilikadiria kwamba faida halisi ya mashirika duniani kwa mwaka 2024 ilikuwa dola 6 na ushee kwa kila abiria. Katika biashara yenye faida nyembamba kiasi hicho, inchi mbili za magoti ya baba yako zinakaribia kuwa faida yote ya safari.

Hesabu hiyo huweza pia kwenda upande wa pili, na nina sababu ya kulisema hili: hakuna mtu aliyeketi ofisini akipanga namna ya kuwatesa abiria warefu. Mwanzoni mwa mwaka 2007 shirika la JetBlue la Marekani liling'oa safu moja katika ndege zake za Airbus A320, likashuka kutoka viti 156 hadi 150, na abiria wakapata nafasi zaidi. Sababu kubwa ilikuwa kanuni ileile ya mhudumu mmoja kwa viti 50: viti 156 vilidai wahudumu 4, viti 150 vinadai 3. Mshahara uliookolewa ulizidi thamani ya viti 6. Takriban miaka kumi baadaye hesabu zilipobadilika, ndege hizohizo zikaanza kupangwa upya kwa viti 162.

Wazee wetu waliosafiri miaka ya 1960 na 1970 husimulia kwamba zamani ndege zilikuwa na nafasi, na hawasemi uongo. Wakati huo bei ilikuwa imefungwa. Safari za kuvuka Atlantiki zilikuwa chini ya makubaliano ya IATA, ambayo yaliruhusu daraja la watalii kuanzia Mei 1952 na daraja la nafuu zaidi mwaka 1958, na ndani yake yakaweka hadi aina ya chakula, kiasi kwamba mwaka huo wa 1958 palizuka mgogoro mkubwa kuhusu ni mkate wa namna gani wenye vitu juu yake unaostahili kuitwa sandwichi. Ndani ya Marekani nauli zilipangwa na bodi ya serikali. Shirika lisiloweza kushindana kwa bei lilishindana kwa starehe, na ndiyo maana American Airlines iliweza kuweka kinanda na baa ndani ya Boeing 747 zake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuifungua biashara hiyo tarehe 24 Oktoba 1978, na kuanzia hapo nauli, ukiondoa mfumuko wa bei, zimeshuka sana.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo watu hulisahau, nami naliona kubwa kuliko kinanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika safari za ndani za Marekani, karibu nusu ya viti vilikuwa vitupu. Starehe ambayo wazee wanaikumbuka haikutokana na umbali wa safu peke yake. Ilitokana pia na kiti cha katikati kisicho na mtu, ambapo mtu mrefu aliweza kukaa upande na kunyoosha mguu. Leo mashirika duniani hujaza zaidi ya asilimia 80 ya viti. Ndege ikienda nusu tupu, kung'oa safu moja hakumgharimu mtu chochote, maana hakuna abiria anayekosa nafasi. Ndege ikijaa, kila kiti kinachong'olewa ni nauli iliyokataliwa mlangoni. Ongezeko hilo la abiria ndilo lililofanya nafasi iwe mali adimu, na halitarudi nyuma.

Utauliza, je, hakuna shirika lililojaribu kuwapa abiria nafasi? Lipo. Mwezi Februari 2000 American Airlines ilitangaza kwamba itaondoa viti katika daraja la kawaida la ndege zake zote, na ikang'oa zaidi ya viti 7,000. Ilitarajia kwamba abiria wangeichagua kuliko washindani wake, na hata wangekubali kulipa zaidi kidogo. Yakaja mashambulizi ya Septemba 2001, safari zikapungua, bei zikaporomoka, na kufikia mwaka 2003 shirika hilo likiwa ukingoni mwa kufilisika lilianza kuvirudisha viti. Wachumi wengi huitumia habari hii kama ushahidi kwamba abiria husema anataka nafasi lakini hununua bei. Nadhani wanaharakisha, kwa sababu jaribio hilo liliangukia miaka mibaya kuliko yote katika usafiri wa anga wa Marekani. Hata hivyo siwezi kukana kiini cha hoja yao. Nimeshiriki kwa miaka mingi katika kupanga nauli, na nimeona jinsi tofauti ya dola 20 inavyowahamisha abiria kwa mamia, ilhali tofauti ya inchi 2 haimhamishi mtu.

Ila sababu yake siioni kuwa ubahili wa abiria. Mtu anaponunua tiketi, bei iko mbele ya macho yake kwa tarakimu kubwa, na inchi hazionekani popote. Linganisha na mabasi yetu ya mikoani. Abiria wa stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, au ya Msamvu, Morogoro, anajua tofauti ya basi la viti viwili kwa viwili na basi la vitatu kwa viwili. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hutangaza nauli ya daraja la kawaida peke yake na ya daraja la kati peke yake. Mtu anaweza hata kupanda, akakaa, akapima magoti yake kabla ya kutoa pesa. Abiria huyohuyo tunayeambiwa kwamba hajali starehe hulipa zaidi bila kunung'unika, kwa sababu anakiona anachokinunua. Kama kungekuwa na kanuni moja tu ya kuongezwa katika biashara ya ndege, ningeomba hii: kila mahali inapoandikwa nauli, na umbali wa safu uandikwe pembeni yake.

Mashirika yenyewe yalipata jibu jingine. Mwaka 1999 United Airlines ilianza kutenga safu chache za mbele katika daraja la kawaida, ikazipa inchi kadhaa zaidi, na baadaye ikaanza kuziuza kwa malipo ya ziada. Leo karibu mashirika yote makubwa ya Marekani hufanya hivyo, na mengi ya Ulaya, Ghuba na Afrika hutoza safu zenye nafasi. Kwa hiyo yule anayeumizwa na kubanwa anaweza kununua ahueni, na asiyeumizwa abaki na bei ya chini. Ni utaratibu wenye mantiki, ila una kasoro moja inayoniuma: urefu wa mtu si anasa aliyoichagua. Mtu mfupi hupata starehe ileile bure, na mrefu huilipia kila safari.

Kuhusu sheria, jibu ni kwamba zipo, lakini zinalinda kitu kingine. Uingereza, baada ya moto wa ndege katika uwanja wa Manchester mwaka 1985 ulioua watu 55, iliweka kanuni kwamba kati ya egemeo la kiti na mgongo wa kiti cha mbele pasipungue inchi 26. Lengo lilikuwa mtu aweze kusimama na kutoka upesi, na kipimo hicho kiko chini sana kuliko kile cha starehe. Huko Marekani mahakama ya rufaa ya Washington ilipokea mwaka 2017 malalamiko ya kundi la abiria na kuiagiza mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, iyaangalie upya. Oktoba 2018 Bunge likapitisha sheria iliyoitaka mamlaka hiyo iweke kipimo cha chini ndani ya mwaka mmoja. FAA ilifanya majaribio ya kuwatoa watu ndani ya mfano wa ndege huko Oklahoma City, kisha mwaka 2022 ikakusanya maoni ya wananchi, yakafika zaidi ya 26,000. Mwezi Machi 2023 mahakama ileile ilikataa kuilazimisha iweke kipimo, ikisema kwamba viti vya kubana vinaudhi lakini haikuonyeshwa wazi kwamba ni hatari. Watu walioshiriki katika majaribio yale walikuwa na umri usiozidi miaka 60 na wenye afya. Baba yako, mwenye miaka 71 na miguu iliyovimba, hakuwakilishwa na mtu yeyote mle ndani, na kwangu hilo ni pengo ambalo mamlaka ilipaswa kuliziba kabla ya kusema kwamba inchi 28 zinatosha.

Sasa safari yenyewe. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Toronto, hivyo mtapitia mji mwingine, iwe Addis Ababa, Istanbul, Amsterdam au Dubai. Usitazame nauli na saa za kuwasili tu. Tazama aina ya ndege katika kipande kirefu, kwa sababu hapo ndipo mzee aliumia. Upana nao una uzito wake, maana mtu mwenye mabega mapana anayebanwa pembeni hawezi kugeuza magoti. Boeing 787 ilipobuniwa, wengi walitarajia viti 8 kila safu, lakini karibu mashirika yote yaliweka 9. Japan Airlines ni kati ya machache yaliyobaki na 8 katika safari za kimataifa. Boeing 777 ilikuwa na viti 9 katika mashirika mengi, na sasa wengi wameweka 10. Airbus A350, ambayo Ethiopian Airlines ilikuwa ya kwanza kuipokea barani Afrika mwaka 2016, ina upana wa ndani unaozidi ule wa 787 kwa kama inchi 5, hivyo kwa viti 9 kila abiria anapata takriban nusu inchi zaidi. Ni kidogo, lakini kwa safari inayozidi saa 12 mtu huihisi.

Nenda kwa wakala wa tiketi ukiwa na maswali matatu yaliyoandikwa: ni ndege ya aina gani, umbali wa safu katika daraja la kawaida ni inchi ngapi, na kiti chenye nafasi zaidi ni shilingi ngapi. Wakala mzuri atakutafutia majibu hata kama hayajui. Ukipata kiti hicho chenye nafasi zaidi kwa malipo yanayolingana na sehemu moja ya kumi ya nauli au chini yake, kwa mtu wa umri na urefu wa mzee wako mimi ningelipa bila kusita, na ningelipia kipande kirefu peke yake kama fedha ni chache.

Usikimbilie safu ya mlango wa dharura, ingawa ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote. Anayekaa hapo anatakiwa kuweza kuufungua mlango na kuelewa maelekezo ya wahudumu kwa lugha wanayoitumia. Mzee mwenye miguu yenye matatizo anaweza kuhamishwa dakika ya mwisho na kupewa kiti kibaya zaidi kilichobaki. Safu ya mbele kabisa inayotazama ukuta nayo ina udanganyifu wake. Hakuna kiti cha kumlalia mbele, lakini mguu mrefu hukutana na ukuta, meza ya chakula huhifadhiwa ndani ya mkono wa kiti na kukipunguzia upana, na mara nyingi hapo ndipo hupangwa watoto wachanga. Kwa baba yako ningechagua kiti cha njiani, katika safu yenye nafasi ya ziada kama mmeilipia, upande ambao mguu wake wenye shida utaelekea njiani. Akiwa hapo anaweza kuinuka kila baada ya saa moja au mbili bila kumwomba mtu ruhusa, na kuinuka huko ndiko kunakosaidia damu kutembea. Akiwa ameketi, azoee kuinua visigino na vidole kwa zamu, ili misuli ya shavu la mguu ifanye kazi. Mfuko usiwekwe chini ya kiti cha mbele, kwa kuwa utakula nafasi pekee ya nyayo zake, uwekwe juu.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Shirika likibadilisha ndege, mpangilio wa viti hubadilika, na kiti mlicholipia kinaweza kupotea kimyakimya. Kagua namba ya kiti siku mbili kabla ya safari na tena asubuhi ya kuondoka, chapisha risiti ya malipo ya kiti hicho, na mwekee mzee katika mfuko wa koti pamoja na cheti cha daktari chenye maneno machache ya Kiingereza kuhusu miguu yake, ili hata usipokuwepo aweze kuvionyesha kaunta.